Maswali ya bustani: kayinja inayonyauka, kinyonga na kaloli

Ndizi zangu za kayinja zinaiva kabla ya wakati, na ukizikata ndani zina rangi ya kutu. Nipulize dawa gani? (Msomaji, Bombo)

Hakuna dawa ndugu yangu, na atakayekuuzia anakula pesa yako bure. Huo ni mnyauko bakteria, ulioonekana Uganda mara ya kwanza mwaka 2001. Kata shina usubiri kidogo, utaona ute wa manjano unachuruzika.

Wadudu wanaofuata utamu wa ua la dume, lile jekundu linaloning'inia mwishoni mwa mkungu, ndio wanaousambaza, na kayinja huathirika kuliko ndizi nyingi. Chana ya mwisho ikishatokeza, livunje ua hilo kwa kijiti chenye panda. Usitumie panga! Panga likishagusa mgomba mgonjwa huhamishia ugonjwa kwa mzima, kwa hiyo kila ukimaliza mgomba lichome motoni mpaka lisishikike. Shina lililougua likate usawa wa ardhi. Yale yaliyo kando yake yasiyo na dalili yaache, ila yakague kila wiki. Zamani tulikuwa tunaambiwa tung'oe shina lote na machipukizi yake, kazi ya kuvunja mgongo, na wengi waliishia kuuacha ugonjwa uenee.

Na mbuzi wa jirani asiingie shambani, naye huusambaza ugonjwa.

Mama mkwe anasema kinyonga aliye kwenye ua wetu ana sumu na ataleta balaa. Tumuue? (Msomaji, Masindi)

Msimuue. Hana sumu. Mtazameni asubuhi jua likianza kupanda: jicho moja liko kwenu, jingine kwa nzi, halafu ulimi unafyatuka, nao huweza kupita urefu wa mwili wake. Panzi na nzi anaowala ni msaada wa bure kwa mboga zenu. Mkilima mkakuta vijiyai vyeupe vimefukiwa pamoja, huenda ni vyake, rudishieni udongo. Mama mkwe mwambieni kwa upole, tena baada ya chakula.

Kaloli, wale korongo wakubwa wa jalalani, wametua juu ya paa langu. Watamaliza sukuma wiki? (Msomaji, Kampala)

Sukuma hawaitaki. Wanafuata mifupa na mabaki ya nyama jalalani. Fukia taka za jikoni na wataondoka wenyewe. Majani waliyoyachafua yaoshe vizuri kabla ya kupika.

Kuna viwavi ndani ya mahindi yangu. Nitajuaje kama ni viwavijeshi? (Msomaji, Jinja)

Mtazame kichwani: viwavijeshi vamizi, walioingia nchini mwaka 2016, wana alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne yaliyopangika mraba. Kwa bustani ndogo vidole vinatosha. Pita alfajiri, ponda mayai yaliyorundikana kwenye majani na kufunikwa na manyoya laini, kisha tia jivu kidogo kwenye moyo wa mmea. Kiwavi akishazama ndani kabisa, hata dawa ya dukani humfikia kwa shida.