Muulize Fundi: Klachi ya Hiace inazama, gia zinagoma

SWALI: Shikamoo kaka fundi. Naendesha Hiace ya bosi, asubuhi inaenda fresh kabisa ila nikishakaa foleni pale Tazara pedali ya klachi inakuwa laini, gia namba moja inagoma na rivasi inakwaruza mpaka abiria wanaguna. Nikipampu mara mbili tatu inaingia. Fundi mmoja anasema klachi pleti imeisha tushushe gia boksi, mwingine anasema akaze tu fimbo ya pedali. Nimsikilize nani?
Dereva, Gongo la Mboto

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wote wawili waache kwanza. Pleti ikiisha injini inalia lakini gari halichanganyi, hasa mlimani na mzigo, na harufu ya kuungua utaisikia. Ya kwako ni kinyume, klachi haiachii vizuri, na ukipampu ikikubali basi shida karibu kila mara iko kwenye njia ya mafuta ya klachi: masta, yaani silinda ya juu kwenye pedali inayosukuma mafuta, slevu, yaani silinda ya chini pembeni ya gia boksi inayoyapokea, au paipu kati yao. Mafuta hayabonyei, upepo unabonyea, ndo maana mguu unazama bure.

Anza na kikopo cha mafuta ya klachi. Kama mafuta yanapungua inua kapeti, pitisha kidole pale fimbo ya pedali inapoingia kwenye masta, kikiloa raba za masta zimekwisha. Halafu ingia chini, vuta kile kiraba cha vumbi cha slevu, kikimwaga mafuta meusi umeshampata mwizi. Kama hakuna panapovuja na kikopo hakishuki, kanyaga pedali uishikilie, ikizama polepole yenyewe masta inapitisha mafuta kwa ndani. Ukibadilisha raba angalia ukuta wa silinda, ukiwa na mikwaruzo au kutu nunua silinda nzima, na ukienda kwenye maduka ya spea Gerezani beba ile ya zamani mkononi maana zinafanana kwa macho lakini saizi tofauti.

Kutoa upepo mnahitaji watu wawili. Jaza kikopo, chomeka mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye nati ya kutolea upepo ya slevu, ncha nyingine izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Mwenzio akanyage taratibu, ashikilie chini, wewe fungua nati, utaona mapovu yanatoka, funga KABLA hajaachia, rudieni mpaka yatoke mafuta matupu na kikopo kisikauke hata kidogo, kikikauka mnaanza upya.

Sasa hiyo ya kukaza fimbo, naomba usikubali. Pedali lazima iwe na plei kidogo kwa juu, yaani nafasi ya kucheza kabla haijaanza kusukuma, Toyota nyingi ni milimita 5 hadi 15. Ukiimaliza yote pistoni ya masta hairudi mpaka mwisho, kitundu cha kurudisha mafuta kwenye kikopo kinabaki kimezibwa, joto la foleni linatanua mafuta na hayana pa kwenda, yanaisukuma rilizi beringi, ile inayoibonyeza klachi iachie, muda wote, klachi inaanza kuteleza na hapo ndo pleti itaungua kweli. Plei hupimwa ukishatoa upepo, sio kabla.

Mafuta weka ya breki, DOT 3 au DOT 4 kama mfuniko unavyosema. Usimruhusu mtu akumiminie oili ya injini wala ya gia, raba zitavimba zote. Na mafuta ya breki yananyonya unyevu, DOT 3 mpya inachemka kwenye nyuzi 205 ila ikishanyonya maji inaweza kushuka mpaka 140, na kwa hewa yetu hii ya Dar ile chupa iliyokaa wazi gereji achana nayo. Badilisha kila baada ya miaka 2 hivi. Yakimwagikia rangi ya gari osha kwa maji hapohapo.

Kwenye foleni tia nyutro utoe mguu.

Ukishafanya yote hayo, pedali ikawa ngumu vizuri na bado gia inakwaruza, hapo sasa mwambie bosi gia boksi ishuke, mkague presha pleti inayobana klachi pleti, rilizi beringi na uma wake.