Wapelekeni kwa Mkapa siku isiyo na mechi

Swali la wiki hii lilikuwa: "Ni safari gani ya siku moja ungependa kila mzee aipate, na kwa nini?" Najibu bila kusita. Apelekwe Temeke, Dar es Salaam, akauone Uwanja wa Benjamin Mkapa, na iwe siku isiyo na mechi.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wazee hapa Magomeni, Bagamoyo. Wengi wetu mpira tumeujua kwa masikio. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, redio moja iliwekwa barazani na mtaa mzima ukaizunguka. Mtangazaji akisema mpira umetoka upande wa jukwaa kuu, kila mtu anajichorea jukwaa lake kichwani. Dar ipo hapo tu, kama kilomita 70, lakini mara shamba, mara bahari, mara wajukuu, miaka ikapita mtu hajakanyaga uwanjani.

Tulishawahi kwenda siku ya Simba na Yanga. Tulikosea. Jua kali, msukumano getini, wenzetu wawili wenye presha tukaishia kuwakalisha kivulini nje. Tulirudi bila kuona hata jani la nyasi, na mmoja wao hatunaye tena. Hilo linaniuma mpaka leo.

Safari hii tuliandika barua mapema, tukapangiwa Jumatano asubuhi. Tukakodi Coaster, kila mmoja akachanga shilingi 15,000, tukaondoka baada ya swala ya alfajiri. Hatujafika Bunju, ubishi wa Msimbazi na Jangwani, yaani Simba na Yanga, ulikuwa umeshapamba moto.

Kijana aliyetutembeza alitueleza vizuri: uwanja ulifunguliwa 2007, unachukua watu 60,000, na jina la Rais Mkapa ulipewa 2020 baada ya yeye kufariki. Akatukumbusha Brazil walipokuja Juni 2010 wakatufunga 5-1. Basi hakuna aliyeuliza habari za Kaká wala Robinho. Wote walitaka waonyeshwe goli la upande ambao Jabir Aziz alifungia lile bao letu moja.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mzee wetu mmoja, mvuvi, aliomba akae kwenye benchi. Akavua makubadhi, akayapanga pamoja chini, akakaa kimya mikono magotini. Hakuna aliyemharakisha. Tulipotoka kwenye ile njia ya wachezaji hatukuruhusiwa kuingia kati, lakini pembeni aliinama akaipapasa nyasi kwa kiganja, vile anavyopapasa wavu akitafuta ulipochanika.

Lakini aliyenifanya niandike barua hii ni bibi mmoja muuza vitumbua. Kwa Mkapa alipaangalia kwa heshima tu. Kila mara alikuwa akiniuliza, "Mwanangu, ule wa zamani uko wapi?" Ule wa zamani ndio huu unaoitwa sasa Uwanja wa Uhuru, jirani kabisa. Tukamsogeza mpaka nje ya ukuta wake. Ndipo akatusimulia kuwa marehemu mumewe alikuja hapa Novemba 1993, fainali ya Kombe la CAF, la vilabu vya Afrika, Simba na Stella ya Abidjan, Ivory Coast. Kule Abidjan walitoka 0-0, kwa hiyo nchi nzima ilishalihesabu kombe kuwa letu. Simba wakafungwa 2-0 nyumbani. Mume alirudi Bagamoyo kesho yake na shati lile lile, akakaa siku mbili hasemi na mtu, chai akiandaliwa inapoa. "Nilimkasirikia sana," bibi alisema. "Nilidhani ana mwanamke." Akaushika ukuta. "Kumbe ni pakubwa hivi. Watu wote hawa, wamenyamaza pamoja."

Hapo mzee mwingine naye akasema kwamba uwanja huo huo aliletwa na baba yake, amebebwa mabegani, usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, bendera ya Mwingereza iliposhushwa na yetu ikapandishwa. Anakumbuka giza lilipoingia ghafla, kisha kelele. Yule kijana wetu aliacha kueleza, akawa yeye ndiye anayeuliza maswali.

Ndiyo sababu nasisitiza siku isiyo na mechi. Siku ya mechi mzee ni mtu wa kusukumwa tu, na hakuna wa kumsikiliza. Uwanja ukiwa mtupu, anapata nafasi ya kusimama pale anapotaka, kwa muda anaoutaka.

Mkienda, ulizeni vyoo viko wapi kabla hamjaanza kuzunguka. Ngazi ni nyingi, wengine wabaki chini bila kuona haya. Dawa za mchana zisisahauliwe kwenye gari, kama tulivyosahau sisi ikabidi mtu arudi mbio.

Mwenzetu mmoja mzaliwa wa Tanga ameshaweka ombi lake: zamu ijayo ni Uwanja wa Mkwakwani, kwao Tanga, akatuonyeshe alikokuwa akikaa wakati timu yao ya Coastal Union ilipochukua ubingwa wa nchi, 1988. Anasema nguzo aliyokuwa akiegemea anaijua. Barua naianza Jumatatu.