Mwambieni kabla jibu halijatoka

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Mwanafunzi wako anasubiri jibu la chuo kikuu kinachochukua wachache mno. Utamwambia nini?" Najua wengi watajibu kwa neno moja, subira. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na kwa miaka kadhaa sasa nimewaandikia wanafunzi barua za mapendekezo za kuombea vyuo vya Marekani. Neno hilo nimelitumia hadi likanichakaa mdomoni. Siku hizi namweleza mtoto kinachofanyika ndani ya kile chumba cha kamati ya udahili, inayoamua nani achukuliwe, tena namweleza mapema, maana jibu likishatoka masikio huziba.

Maombi ya kawaida hufungwa mwanzoni mwa Januari, majibu hutoka mwishoni mwa Machi. Vyuo vinane vya Ivy League, kundi la vyuo vikongwe vya Marekani vyenye sifa kubwa, huyatoa siku moja, jioni ya huko, ambayo kwetu Afrika Mashariki ni usiku wa manane. Hapo katikati ni karibu miezi mitatu ya tumbo joto. Nimewahi kufundisha kijana aliyekuwa akichungulia simu chini ya dawati kila siku ya Februari, na alijua kuliko mimi kwamba Februari hakitoki kitu.

Mambo ya chumba hicho tunayajua vizuri zaidi tangu Chuo Kikuu cha Harvard kiliposhtakiwa kuwabagua waombaji wenye asili ya Asia, kesi ikasikilizwa Boston mwaka 2018, nyaraka za ndani zikaanikwa mahakamani. Faili la maombi hupelekwa kwa ofisa udahili anayeshughulikia eneo la mwombaji. Yeye hutoa namba, 1 ikiwa ndiyo bora na 6 ya mwisho: masomo yana namba yake, shughuli za nje ya darasa yake, michezo yake, na hulka ya mtu yake. Kisha kuna kamati ndogo, halafu kamati kuu ya watu kama 40 wanaopiga kura. Waliopita wakizidi nafasi, kamati hurudi nyuma na kufyeka majina ambayo tayari yalikuwa ndani. Mwaka 2021 maombi yalizidi 57,000, na waliokubaliwa hawakufika 2,000.

Vyuo vingine hutumia mtindo uliopata umaarufu kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambapo maofisa wawili huketi pamoja, mmoja akasoma matokeo na barua za walimu, mwenzake insha na shughuli, huku wakijadiliana. Faili moja halichukui hata robo saa.

Watoto wakisikia robo saa huja juu. "Mwalimu, miaka yote hiyo kwa dakika kumi?" Inauma, sikatai. Lakini ofisa huyo hasomi gizani. Ana karatasi ya wasifu wa shule, inayomwambia tunafundisha masomo gani na matokeo yetu huwaje. Mtoto aliyesoma masomo yote yaliyokuwepo hahukumiwi kwa yale ambayo shule haina. Anachotafuta ofisa ni kitu ambacho matokeo hayasemi, na hapo mimi mwenyewe niliwaangusha wanafunzi wangu wa mwanzo. Niliandika "ana bidii, ana nidhamu, anashirikiana na wenzake". Barua kama hiyo ingeweza kuwa ya mtoto yeyote, na hata ya mlinzi wa getini. Baadaye nikajifunza kuandika tukio moja tu: msichana aliyebaki maabara wenzake walipokwenda kula, kwa sababu majibu yake ya kemia yalikataa kulingana, mpaka akagundua kwamba bureti, ule mrija wa kupimia kimiminika, ndiyo iliyokuwa ikivuja. Wenzake walikuwa wamekwisha kunakili namba za jirani.

Hata hivyo, barua nzuri na namba nzuri hazimalizi kazi. Baada ya kuwachuja wasioweza masomo, bado hubaki wanaoweza, maelfu kwa maelfu, na swali linageuka. Haliwi tena nani hodari. Linakuwa: darasa letu la mwaka huu linapungukiwa na nini? Labda mpiga filimbi wa okestra amehitimu, au idara ya falsafa inalia haina wanafunzi. Timu za michezo nazo zina nafasi zao. Katika takwimu za kesi ile, wanamichezo walioombewa na makocha walikubaliwa kwa asilimia 86, na watoto wa waliowahi kusoma pale kwa takriban theluthi moja. Waombaji wasio na kamba yoyote ya kushika walipita kwa takriban asilimia 6. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataza vyuo kumpa mwombaji uzito kwa sababu ya rangi yake, lakini hukumu hiyo haikuwagusa watoto wa wahitimu. Chuo kama Johns Hopkins kiliacha upendeleo huo kwa hiari yake. Kwa hiyo sithubutu kumwambia mtoto kwamba mizani ni sawa kwa wote.

Kisha kuna fedha, na hili wazazi wetu huambiwa kwa nadra sana. Vyuo vichache, vikiwemo Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, havitazami mfuko wa mwombaji wa kigeni wakati wa kuamua. Vingi vilivyobaki hutazama. Mtoto anayeomba kulipiwa kila kitu anashindania pia fungu la msaada, na fungu likiisha, limeisha. Barua ya kukataliwa haitataja hilo. Itasema tu kwamba waombaji walikuwa wengi na wazuri, jambo ambalo ni kweli.

Haya yote niliyajua mwaka ule mwanafunzi wangu bora kuliko wote alipokataliwa, na sikuwa nimemwambia hata moja. Nilikuwa nimemwambia "utapata tu". Alikuja ofisini na karatasi, akauliza, "Mwalimu, nilikosea wapi?" Nikaanza kueleza habari za kamati na mafungu. Alinitazama kwa adabu, kama mtu anayesikiliza visingizio, na kweli kwa wakati ule vilikuwa visingizio.

Mwaka huu nina binti mmoja anayesubiri. Nilimweka chini Januari, siku chache baada ya kutuma maombi, nikamwambia kama nilivyoandika hapa, pamoja na hiyo robo saa. Alinyamaza kidogo.

"Kwa hiyo huenda nimeshasomwa, na mimi niko hapa sijui?"

"Huenda."

"Na siwezi kubadilisha kitu?"

"Matokeo ya muhula huu bado hawajayaona. Watayataka."

Akafungua begi, akatoa daftari la fizikia, akasema kuna swali la jana hakulielewa.