Vibendera vya pinki nyuma ya nyumba yetu

SWALI

Shikamoo Mama Mhandisi. Tunaishi Minnesota, kaunti ya Hennepin, mwaka wa sita sasa. Nyuma ya nyumba yetu kuna kinamasi chenye matete, na ng'ambo yake ni shamba la mahindi. Mwezi uliopita walikuja watu wakachomeka vibendera vya pinki kuzunguka kinamasi. Juzi tumepokea barua kwamba kampuni ya ujenzi inataka kulikata shamba hilo viwanja 34 vya nyumba, na kwamba mbali na manispaa watahitaji kibali cha wilaya ya bonde la maji. Jirani yangu anasema tusijisumbue, maana tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2023 vinamasi havina ulinzi tena. Mimi hofu yangu ni chumba chetu cha chini ya ardhi. Kila theluji ikiyeyuka, pampu ya kutoa maji humo inafanya kazi usiku kucha. Hicho kibali kinatolewa na nani, wanaangalia nini, na sisi majirani tuna nafasi ya kusema?

Mama wa watoto wawili, Hennepin

JIBU

Marahaba mwanangu. Nianze na vile vibendera, maana kazi ya kuvichomeka niliifanya kwa miaka 19 na ndivyo vinavyobeba kila kitu kingine ulichoniuliza.

Kila kibendera ni nukta, na ukiziunganisha nukta hizo unapata mstari ambao mtaalamu wa kampuni anadai ndio mwisho wa ardhi oevu. Upande mmoja wa mstari sheria ni kali, upande wa pili wanajenga. Ukisogezwa futi 20 tu, kiwanja kinazaliwa au kinakufa. Lakini wengi wetu tunakwenda kwenye kikao cha manispaa kulalamikia wingi wa nyumba na magari, ilhali mstari ulishaidhinishwa miezi kadhaa nyuma na hakuna jirani aliyeuona. Inaniuma kila ninapoliona hilo.

Mstari hauchorwi kwa kutazama maji. Mtaalamu anatafuta vitu vitatu: mimea inayopenda maji, udongo uliokaa majini, na dalili za maji yenyewe. Mwongozo unaotumika ni wa Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani wa mwaka 1987, pamoja na nyongeza zake za kila kanda. Nakumbuka shamba moja mwezi wa Agosti, ukame umekaza. Mwenye shamba akaniambia, hapa pakavu, nimepalima miaka yote. Nikazamisha keekee ya udongo. Inchi nane chini ukatoka udongo wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu. Maji yakikaa ardhini muda mrefu hewa huisha, chuma kilichomo kwenye udongo hubadilika, na rangi hiyo haiondoki kwa kiangazi kimoja. Alinyamaza kidogo, akaniuliza tuendelee hadi wapi.

Kwa shamba la mahindi kama hilo la jirani zenu, mimea ya asili imeshaondolewa na jembe, kwa hiyo mtaalamu anategemea zaidi udongo na picha za angani za miaka mingi. Hapo ndipo wewe una kitu ambacho yeye hana. Umeishi hapo miaka sita. Kama una picha za simu zinazoonyesha maji yakiwa yamesimama ndani ya shamba, hasa kuanzia majani yanapochipua, zitoe na tarehe zake. Kipimo kimojawapo kinachotumika ni udongo kulowa ndani ya inchi 12 za juu kwa siku 14 mfululizo msimu wa kuota. Picha moja si ushahidi mkubwa, lakini picha tano za wiki mbili zilezile ni jambo jingine kabisa.

Sasa kuhusu jirani. Amesikia nusu ya habari. Hukumu anayoisema ni ya kesi ya Sackett dhidi ya EPA (shirika la mazingira la serikali kuu), ya Mei 2023. Ilipunguza vinamasi vinavyolindwa na Sheria ya Maji Safi ya serikali kuu, ikabakiza vile vilivyoungana moja kwa moja, juu ya ardhi, na mto, ziwa au maji mengine ya namna hiyo. Lakini Minnesota ina sheria yake ya kuhifadhi ardhi oevu tangu mwaka 1991, na sheria hiyo haitegemei kinamasi chako kuungana na mto wowote. Mwambie hivyo kwa upole, na umwombe aje naye kikaoni.

Sheria hiyo ya 1991 inamtaka mwombaji aonyeshe kwanza kwamba amejaribu kukikwepa kinamasi kabisa. Akishindwa, aonyeshe amepunguza uharibifu. Mwisho ndipo anaruhusiwa kufidia, na katika sehemu kubwa ya jimbo fidia ni ekari mbili za ardhi oevu nyingine kwa kila ekari moja inayofukiwa. Usikubali kuanzia kwenye fidia. Nimeona michoro ambayo barabara inapita katikati ya matete, na ukiuliza kwa nini haikupindishwa unajibiwa kwamba fidia imeshanunuliwa. Hilo si jibu la swali la kwanza.

Wilaya ya bonde la maji ni chombo ambacho wageni wengi wa jimbo hili hatukijui, nami nilichelewa kukifahamu. Sheria iliyoziruhusu wilaya hizi ni ya mwaka 1955. Mipaka yake haifuati kaunti wala miji. Inafuata njia ya maji, yaani ardhi yote ambayo mvua yake inaishia kwenye kijito au ziwa lilelile. Mameneja wake huteuliwa na makamishna wa kaunti, vikao vyao viko wazi kwa umma, na kila wilaya ina kanuni zake. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa simu liwe hili: nani anasimamia sheria ya ardhi oevu kwenye eneo letu, ni manispaa au ni wilaya? Panapo wilaya hizi, mahali pengine ni huyu, pengine ni yule.

Na sasa chumba chako cha chini. Hapa naomba usome taratibu.

Mtu wa kampuni atasimama kikaoni aseme kwamba mabwawa yao ya maji ya mvua yatahakikisha maji hayatoki kwa kasi kuliko yanavyotoka leo. Atakuwa anasema kweli. Kanuni za wilaya nyingi zinataka hivyo, kwa mvua ya miaka 2, ya miaka 10 na ya miaka 100. (Mvua ya miaka 100 maana yake ni mvua yenye uwezekano wa asilimia 1 kunyesha mwaka wowote, inaweza kunyesha miaka miwili mfululizo.) Lakini kasi ni kitu kimoja na wingi ni kitu kingine. Mapaa na lami havinywi maji kama shamba. Bwawa linaweza kuyaachia kwa kasi ileile ya zamani, ila kwa siku nyingi zaidi, na siku hizo zote kinamasi chako kinabaki kimejaa na maji ya chini ya ardhi yanausukuma msingi wa nyumba yako. Kibali cha jimbo cha maji ya mvua, kinachohitajika ujenzi ukigusa ekari moja au zaidi, kinataka kwa kawaida inchi ya kwanza ya maji kutoka kwenye sehemu mpya zisizonyonya ibaki palepale. Ni kanuni nzuri. Lakini udongo wa mfinyanzi haunywi, na hapo wataomba njia mbadala. Uliza wamechimba mashimo mangapi ya majaribio na walikuta udongo gani.

Omba namba tatu kwa maandishi: kimo cha maji ya kinamasi wakati wa mvua ya miaka 100 kabla ya ujenzi, kimo hichohicho baada ya ujenzi, na siku ambazo maji yatachukua kurudi kawaida. Namba hizo huwa ndani ya ripoti ya mhandisi wao, na ombi la kibali ni waraka wa umma. Kisha tafuta kimo cha sakafu yako ya chini kabisa. Ofisi ya majengo ya manispaa mara nyingi inayo, la sivyo mlipe mpimaji. Wilaya nyingi zinataka nyumba mpya ziwe futi mbili juu ya kimo cha mafuriko. Nyumba yako ilikuwepo tayari, hakuna atakayeipimia asipoombwa.

Jambo dogo: watazungumzia ukanda wa kinga, yaani ukingo wa majani yasiyokatwa kuzunguka kinamasi. Upana wake unategemea kanuni za wilaya na ubora wa kinamasi. Uliza tu kama ukanda huo utakuwa ndani ya viwanja vya watu au kwenye ardhi ya pamoja. Ukiwa ndani ya viwanja, mwenye nyumba ataupitishia mashine ya kukata nyasi.

Je, mnaweza kuuzuia mradi? Nisikudanganye. Kibali si kura. Mpango ukitimiza kanuni, bodi ya mameneja wa wilaya haina msingi wa kuukataa. Tena muda ni mfupi: kwa sheria ya jimbo, ombi likishakamilika wana siku 60 kuamua, wanaweza kuongeza hadi 60 nyingine kwa barua, na wasipolikataa ndani ya muda huo linahesabika limekubaliwa.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya kikao chochote, andika barua fupi kwa chombo kinachosimamia sheria ya ardhi oevu, uombe kutumiwa kila taarifa ya maombi na maamuzi kuhusu shamba hilo. Majirani hawatumiwi hivihivi. Ukishakuwa kwenye orodha hiyo, una haki ya kukata rufaa kwa bodi ya jimbo ya maji na udongo ndani ya siku 30 tangu taarifa ya uamuzi kutumwa. Usipokuwa kwenye orodha, mtahitaji wakazi 100 wa kaunti waombe pamoja. Uliza pia kama mstari wa vibendera umeshaidhinishwa. Kama bado, omba jopo la wataalamu wanaoukagua wapite kwenye uwanja wako siku wakija. Wakubali au wakatae, uwe nyumbani siku hiyo na picha zako mkononi.

Ukiipata ripoti ya mipaka ya kinamasi, nitumie kurasa za mashimo ya udongo. Hizo nitazisoma mwenyewe.