Kumsindikiza Mhitaji: Ushauri kwa Vikundi Vidogo vya Misaada Mitaani

Nimekuwa mweka hazina wa kikundi kidogo cha kusaidia wahitaji huko Mbagala, Dar es Salaam, kwa miaka kadhaa sasa, na wanaotaka kuanzisha vikundi kama chetu huniuliza kwanza namna ya kupata wafadhili. Swali hilo lina haki yake, ila mimi huanza na jingine: je, mnaujua mlolongo wa ofisi ambazo mhitaji wenu hana budi kuupitia? Nionavyo, kikundi kisicho na fedha nyingi hufanya kazi kubwa zaidi kinapomsindikiza mtu hadi kwenye haki aliyonayo tayari kuliko kinapompelekea kilo tano za unga.

Chukulia mzee mwenye umri wa zaidi ya miaka 60 asiye na uwezo. Sera inamruhusu kutibiwa bure katika vituo vya serikali, lakini kati ya sera hiyo na dirisha la dawa kuna barua ya serikali ya mtaa, kuna ofisa ustawi wa jamii, na kuna nauli ya kwenda na kurudi. Mtu aliyepooza upande mmoja, anayelelewa na mjukuu wa darasa la tano, hataimaliza safari hiyo peke yake. Akifika ofisini akaambiwa mhusika yuko kikaoni, harudi tena. Mwanakikundi anayejua siku ambazo ofisa huwa ofisini, na anayeweza kukaa naye kwenye benchi mpaka jina lake liitwe, humpa mzee huyo matibabu ambayo michango yetu yote isingeweza kuyalipia. Hali ni hiyo hiyo kwa mgonjwa wa kifua kikuu: dawa zake hutolewa bila malipo, ila njaa na nauli ndizo zinazomfanya aache kuzimeza kabla ya wakati.

Shuleni pia gharama iliyobaki ndiyo inayoumiza. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, lakini sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula bado vinamsubiri mzazi. Ushauri wangu ni kwamba sare zishonwe na fundi wa mtaani hata kama za dukani Kariakoo ni nafuu kidogo, kwa sababu fedha hiyo itazunguka papo hapo, na fundi huyo atakuwa wa kwanza kuwaambia ni mtoto gani aliyepimwa akashindwa kurudi kuichukua.

Kuhusu kuwatambua wahitaji, msitegemee orodha peke yake. Wapangaji wanaohama kila baada ya miezi michache na watu wenye ulemavu wanaofichwa ndani hupotea kwa urahisi katika orodha yoyote, hata ile iliyopitishwa na mkutano wa mtaa. Mjumbe wa shina anajua mengi. Mama anayeuza maandazi alfajiri anajua zaidi, kwa kuwa huona ni nani aliyeacha kupita. (Wenyeviti wetu wa mtaa hawapendi kusikia hivyo, lakini ndivyo ilivyo.)

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo uliingizwa katika sheria mwaka 2018, ukasitishwa mwaka 2023, kisha ukarejeshwa mwaka 2024. Wasaidieni wanawake wenye biashara kuandika katiba ya kikundi na kufungua akaunti ya benki, lakini msimsukume huko mjane ambaye hana hata chakula cha jioni. Deni litamkuta hapo alipo na kumwongezea mzigo.

Yapo mambo ambayo kikundi hakipaswi kuyamaliza chenyewe. Mtoto anapofanyiwa ukatili, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye ushahidi kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Lipo pia dawati la jinsia na watoto la polisi, na simu namba 116. Suluhu ya kifamilia inayofanyika sebuleni, hata ikisimamiwa na wazee wenye heshima zao, humrudisha mtoto mikononi mwa aliyemuumiza.

Picha nazo zina mpaka wake. Sipendi kabisa desturi ya kumpanga bibi mbele ya mfuko wa mchele wa Ramadhani ili wachangiaji waone. Piga picha ya mizigo na ya daftari la mapokezi. Mchangiaji mwaminifu ataridhika, na bibi ataendelea kuwasalimia majirani zake bila kuinamisha uso.

Mwisho, tengeni mfuko wa nauli ulio mbali na fedha nyingine, kwa kuwa ndio utakaotumika kila wiki na ndio wenye maneno mengi. Kondakta wa daladala hatoi risiti. Sisi huandika katika daftari jina la msindikizaji, ofisi aliyokwenda na kiasi alichopewa, kisha watu wawili hutia saini, na ukurasa huo husomwa kwa sauti katika kikao cha mwezi, bila kumtaja mgonjwa wala ugonjwa wake.