Riwaya za wanawake watumwa: anza na maziwa, usianze na mjeledi

Ndugu, umeuliza kama ufeministi wa makutano, yaani kuangalia rangi na jinsia kwa pamoja jinsi zinavyoingiliana, ambao mwanasheria Mmarekani Kimberlé Crenshaw aliupa jina mwaka 1989, unamsaidia kweli msomaji wa riwaya za wanawake watumwa au ni pambo la tasnifu tu. Nimefundisha Beloved ya Toni Morrison (1987) kwa miaka kadhaa, na naona unasaidia, mradi usiugeuze kuwa hesabu ya kujumlisha madhila.

Tazama pale Sethe, mhusika mkuu aliyetoroka utumwani, anapomsimulia Paul D yaliyompata Kentucky, Marekani. Vijana wawili, wapwa wa msimamizi wa shamba, walimshika wakamnyonya maziwa ya mwanawe, na alipowashtaki kwa Bi. Garner, mwenye shamba, akachapwa mjeledi ilhali ana mimba. Paul D, aliyekuwa mtumwa katika shamba lilelile, anashikwa na habari ya mjeledi. Sethe anamrudisha kwenye maziwa, tena na tena. Wanafunzi waliosoma kwa jicho la rangi peke yake waliupita ukaidi huo, kwani mjeledi uliwapata wanaume pia. Waliosoma kwa jicho la jinsia peke yake walikwama kwa Bi. Garner, mjane mgonjwa anayetokwa machozi kwa mashtaka hayo na bado ni mmiliki wa anayemlilia.

Maziwa yale yanaeleweka zaidi ukijua sheria ya Virginia ya 1662, iliyoamua kwamba mtoto hufuata hali ya mamaye: aliyezaliwa na mtumwa alikuwa mali, hata kama baba ni bwana mwenyewe. Kwa hiyo uzazi wa mwanamke mweusi ulikuwa chanzo cha utajiri wa mwingine, jambo lisilompata mtumwa mwanamume wala mwanamke mweupe kwa namna ile.

Ila usiihamishe hukumu hiyo ikiwa nzima hadi Zanzibar. Huku, kwa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria (mtumwa wa kike aliyewekwa kinyumba na bwana wake) aliyekubaliwa na bwana huyo alizaliwa huru. Lakini amri ya 1897 ya kufuta utumwa iliwaacha masuria nje, hadi ile ya 1909. Ukipata riwaya yenye suria ndani yake, uliza kwanza mtoto wake ni wa nani kisheria na mama anapoteza nini akiondoka, kisha ndipo umsome Crenshaw.