Karatasi imesema "chanya": je, nina homa ya ini A?

SWALI: Daktari, nimepimwa damu kabla ya kuanza kazi ya jikoni. Majibu yameandikwa "Kingamwili za homa ya ini A, jumla: chanya". Sina homa, nakula vizuri, na sikumbuki kuwahi kuchanjwa. Meneja anasema nisiingie jikoni mpaka nipone. Nipone nini?

JIBU: Huenda huna cha kupona. Neno la kutazama kwenye karatasi hiyo si "chanya", ni "jumla". Kipimo hicho hakitafuti kirusi chenyewe, kinatafuta kingamwili ambazo mwili umeziunda kupambana nacho, na ziko za aina mbili. IgM hutangulia: huonekana siku chache kabla ya dalili au zinapoanza, kisha kwa kawaida hufifia ndani ya miezi 3 hadi 6. IgG hufuata, nayo hukaa miaka mingi, mara nyingi maisha yote. Kipimo cha jumla huzisoma zote bila kuzitenganisha. Kwa hiyo anayeumwa leo na aliyeugua miaka 20 iliyopita hupata jibu lilelile.

Kwa maelezo yako, nadhani uliambukizwa utotoni. Watoto wa chini ya miaka 6 wakiambukizwa, wengi hawaonyeshi dalili yoyote, ndiyo maana huna unachokumbuka. Tena virusi vya A havigeuki kuwa ugonjwa sugu kama vya B na C. Aliyepona amepona, na kinga inabaki.

Ili meneja aridhike, omba kipimo cha IgM. Ni damu kidogo ya mkononi, wala huhitaji kufunga kula. IgM ikiwa hasi huku jumla ni chanya, maana yake una kinga na humwambukizi mtu. Kusema kweli, sipendi kumpima IgM mtu mzima wa afya, kwa sababu asiye na dalili anaweza kupata chanya ya uongo, akaanza kuhangaika bure. Ikitokea hivyo kwako, usikubali jibu hilo peke yake: lilinganishwe na vipimo vya ini, yaani ALT, AST na bilirubini.

Hali ni tofauti kama ndani ya siku 50 zilizopita uliishi na mgonjwa wa homa hii, au ukianza kuona macho ya manjano, mkojo uliokoza kama chai ya rangi, kichefuchefu na uchovu usio wa kawaida. Hapo IgM ni ya lazima, na jikoni usiingie mpaka daktari akuruhusu.

Ukienda maabara, hakikisha fomu imeandikwa IgM. Nimeshaona watu wakirudia kipimo cha jumla mara mbili, mara tatu, wakingoja kigeuke hasi. Hicho chako kitasoma chanya hata ukipimwa ukiwa na mvi.